"Huyu Mtafutie Tu Cherehani": Wanayoniambia Wazazi Kuhusu Binti Aliyejifungua

"Madam, shule imeshaisha. Huyu mtafutie tu cherehani."

Kauli hiyo naisikia katika mitaa ya Nakuru, naisikia Kaptembwo, naisikia Rhonda, naisikia Kivumbini, na karibu kila mara hutoka kwa mzazi anayempenda mtoto wake. Majuzi ilitoka kwa mama muuza mboga. Binti yake aliacha masomo kidato cha tatu, hisabati alikuwa anapata B, na sasa ana mtoto wa miezi minne. Tulizungumza nusu saa nzima juu yake naye ameketi papo hapo, mtoto mapajani, macho sakafuni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini.

Kujifungua hakumfukuzi msichana shuleni. Sera ya kuwarudisha darasani wasichana waliopata mimba iko Kenya tangu 1994, na mwaka wa 2020 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo mpya wa kuitekeleza. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto elimu ya msingi, bure na ya lazima, na kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 sekondari imo humo. Mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18, hata akiwa amembeba wake mgongoni. Kila mwaka wa mtihani tunasikia watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, walioandikia wodi ya wazazi, msimamizi akiwa kando ya kitanda. Mtihani unamfuata msichana hospitalini, halafu nyumbani anaambiwa masomo yamekwisha!

Sina ugomvi na cherehani. Anayependa ushonaji nitamsindikiza mwenyewe hadi chuo cha ufundi. Kinachoniumiza ni mashine kutolewa kama hukumu, kwa yeyote aliyezaa, awe anaipenda au haipendi. Nimeona wasichana sita wakipewa mashine sita kwenye barabara moja, wote wakisubiri wateja walewale wa kupunguza suruali, na mitumba inauzwa hatua chache kutoka walipo. Mwaka haukuisha kabla ya mashine nne kuuzwa.

Wazazi hudhani kizuizi ni karo. Karo ni shida kweli, lakini anayerudi akaacha tena mara nyingi hushindwa na jambo jingine: nani anashika mtoto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa kawaida ni shosho, bibi wa mtoto. Na shosho naye ana kibarua, ana nyanya zake za kuuza. Siku anayobaki na mjukuu ni siku asiyoleta unga. Tukimlipia binti karo na sare tukamsahau shosho, tumejenga nyumba bila nguzo. Ndiyo maana kwenye kikundi chetu cha Jumamosi akina mama huchanga kidogo kidogo kila wiki kumfidia anayelea. Kwangu hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutafutwa.

Ushauri wangu wa pili nimeurudia hadi wenzangu wameuzoea: shule ya kutwa, iliyo karibu, hata kama ile ya bweni ina jina kubwa. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi chenye kifuniko hukaa kwa muda wa saa 4 nje ya friji, na mtoto apewe kwa kikombe, si chupa. Shule ikiwa karibu, mama anaweza kufika mchana kunyonyesha. Akiwa bweni, maziwa yanakauka na moyo unabaki nyumbani. Tena, nenda ukamwone mkuu wa shule kabla muhula haujafunguliwa. Asubuhi ya kufungua, ofisi imejaa wazazi na mazungumzo kama haya yanafanyika mlangoni, watu wote wakisikia.

Wengine huniambia nikimsaidia huyu kurudi shule nawaalika wengine washike mimba. Sera ya kurudi shule ina zaidi ya miaka 30. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokuwa wamewahi kupata mimba au kuzaa walikuwa asilimia 18. Katika ule wa 2022, asilimia 15. Milango ilikuwa wazi na idadi ikashuka.

Kuna na hili: "Hajaona hedhi tangu ajifungue, hawezi kushika mimba." Anaweza. Yai hutangulia hedhi, na kwa asiyenyonyesha linaweza kupevuka hata kabla ya wiki sita. Kunyonyesha hukinga pale tu mtoto hajafika miezi 6, hapewi kitu kingine, mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Na kijiti cha mkononi, cha kuzuia mimba, hakileti utasa. Kikitolewa, uwezo wa kuzaa hurudi upesi. Mpelekeni kliniki.

Na kuhusu aliyempa mimba nasikia "familia zikae chini zielewane", au "amwoe tu". Sheria ya Ndoa ya 2014 haitambui ndoa ya aliye chini ya 18. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kulala na mtoto ni unajisi: kifungo kisichopungua miaka 20 ikiwa ana kati ya 12 na 15, na kisichopungua 15 ikiwa ana kati ya 16 na 18. Kesi hiyo ni ya serikali, wazazi hawana mamlaka ya kuimaliza sebuleni kwa mbuzi au bahasha. Matunzo ni jambo jingine: Katiba inambebesha baba mzigo sawa na mama, wawe wameoana au la, na hayo hudaiwa katika Mahakama ya Watoto.

Yule wa kidato cha tatu, nilipomgeukia mwishowe nikamuuliza yeye, alisema anataka kurudi Januari. Mama yake alinyamaza, kisha akauliza sare ni bei gani. Shosho amekubali Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa ni siku yake ya soko, na bado tunatafuta wa kumshika mtoto.