Umechaguliwa kozi ya sayansi na umetoka kijijini? Usisubiri sapu (mtihani wa marudio) ndo uje ofisini

Kila mwaka ofisini kwetu ushauri wa wanafunzi tunapokea vijana wa mwaka wa kwanza wa kompyuta, uhandisi, kemia, wengi wametoka shule za kata za mikoani huko, na wanakuja matokeo yakishatoka, mtu ana sapu kadhaa anaulizia utaratibu wa kuhama kozi. Sasa hapo mshauri afanyeje?

Akili wanazo, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) haipasuliwi kwa bahati. Kinachowaangusha ni vile vitu ambavyo mhadhiri anaona kila mtu anavijua. Mfano programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, ukisahau nukta mkato mwisho wa mstari, kuna wakati kompyuta inakuonyesha kosa kwenye mstari unaofuata. Aliekua na laptopu nyumbani anapandisha macho juu, anarekebisha, anaendelea. Huyu alieshika kibodi juzi anaukodolea ule mstari wa chini ambao hauna shida yoyote, lisaa linakata, na kuuliza anaogopa ataitwa kilaza. Maabara nayo hivohivo, wapo waliosoma taitresheni (jaribio la kupima asidi na besi) ubaoni tu, biureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, wanaigusa chuo.

Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ulioanza 2022/2023, ni kitu kizuri sana, ila inawachukua waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita, na kwa maoni yangu yule aliepenya kwa shida kutoka shule isiyo na maabara ndo anahitaji kushikwa mkono zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kiliwahi kuwa na kozi ya awali ya kuwanoa mabinti kabla ya kuanza digrii za sayansi, vyuo vingine wangeiga tu jamani.

Kwa wewe unaekuja: wiki ya kwanza mtafute fundi wa maabara umuombe muda vifaa vikiwa havitumiki, wengi wao hawana roho mbaya. Tyutorio usikose hata kama huelewi kitu, na grupu la diskasheni lisiwe la watu wa mkoa wako pekee.

Na wazazi, mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu) unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (Zanzibar ni ZCSRA), na kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho hivohivo. Huko vijijini wengi hawana kabisa, kwahiyo anzeni kufuatilia mtoto akiwa bado kidato cha tano, dirisha la maombi ya mkopo likishafunguliwa foleni yake mtaichukia.