Wanamuziki wa Mwanza, spika haziharibu masikio peke yake

Malalamiko tunayopokea kutoka kwa wanamuziki, madijei na mafundi mitambo wanaokuja kupima masikio yanafanana: mlio usiokoma usiku, kusikia watu wakiongea bila maneno kushikika, kuomba monita, spika ya jukwaani inayomrudishia mwanamuziki sauti, iongezwe kila wiki. Wote wanalaumu spika, na hawakosei. Lakini tukifika kwenye swali la sigara, nyuso hubadilika. Wapo wanaouliza kama tumechanganya fomu yao na ya wagonjwa wa mapafu. Hatujachanganya.

Kila sikio lina takriban seli 15,000 za kusikia, na iliyokufa haioti tena. Damu inayozilisha hupita kwenye mshipa mmoja mwembamba usio na njia mbadala. Sauti ikiwa kubwa, seli hizo hufanya kazi kupita kiasi na kudai oksijeni zaidi. Wakati huo huo nikotini inaubana mshipa, na kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, inakalia nafasi ndani ya damu. Ni injini ya boti inayopanda mawimbi ya kuelekea Ukerewe huku mtu amekanyaga mpira wa mafuta.

Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa watu 3,753 wa Beaver Dam, Marekani, wenye umri wa miaka 48 hadi 92. Uwezekano wa mvutaji kuwa na upungufu wa usikivu ulikuwa mara 1.69 ya asiyevuta, na hata wasiovuta walioishi na mvutaji walionekana kuathirika. Hao hawakuwa wanamuziki, kwa hiyo hatusemi kila mpiga solo anayevuta atakuwa kiziwi. Tunasema mwanamuziki anaongeza moshi juu ya kelele ambayo watu wengi hawaipati kazini. Kwa desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) sikio huvumilia saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu, hadi kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Bendi inayopiga Kirumba au Igoma kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa ifanye hesabu yenyewe.

Yapo majibu ambayo, kusema kweli, tumechoka kuyasikia. "Masikio yangu yameshazoea." Hayajazoea, yamepungua. Pamba ya dukani si kizibo cha masikio. Maji ya shisha hayaondoi kaboni monoksaidi, na mkaa wake unaiongeza. Wapiga ngoma wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, hutuambia wao wako uwanjani, hakuna kuta. Ni kweli, ila ngoma iko umbali wa mkono kutoka sikioni.

Sasa utaratibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kuhakikisha mfanyakazi anapimwa afya anapoanza kazi, akiwa kazini, na anapoondoka. Mwenye ukumbi au kiongozi wa bendi anayelipa watu mishahara ni mwajiri. Asijifiche nyuma ya neno "sanaa". Mkaguzi wa usalama kazini akikuta kasoro anaweza kutoa notisi ya kuboresha, na hatari ikiwa kubwa, notisi ya kuzuia kazi isiendelee. Kukaidi notisi ni kosa. Kuhusu moshi, Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inabana uvutaji katika maeneo ya umma. Chumba cha wasanii nyuma ya jukwaa hakigeuki sehemu iliyotengwa kwa wavutaji eti kwa kuwekewa kibati cha majivu.

Siku ya kipimo, kaa mbali na kelele saa 14 kabla. Hili ndilo linalotukwamisha zaidi: mtu anatoka kwenye send-off alfajiri, anakuja saa mbili asubuhi, anashangaa tunapomrudisha. Sikio lililochoka hutoa majibu ya uongo. Kwanza tunachungulia kama kuna nta. Kisha unaingia chumba tulivu, unavaa hedifoni, unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio, hata ukiwa hafifu kiasi cha kukutia shaka. Tunapima sikio moja moja, na mchoro wa majibu ukishuka karibu na hezi 4,000, yaani kwenye milio myembamba, tunajua kelele imeshafanya kazi. Nakala ya majibu itunze, maana mwaka ujao tutalinganisha.

Kwa anayeuliza kama kuacha sigara kunasaidia baada ya miaka mingi: utafiti wa Japani uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 50,000 ulionesha hatari ya kupoteza usikivu kwa walioacha ilipungua ndani ya miaka mitano. Usikivu uliokwisha potea haurudi, lakini uliobaki unalindika. Ukija, andika kwenye fomu idadi halisi ya sigara kwa siku. "Moja moja nikiwa na washikaji" si idadi.