Kusafiri nje kufuata mashindano makubwa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukiwa na tiketi ya mechi, mpakani unapita.
Imani hii ina chanzo. Urusi mwaka 2018 mashabiki waliingia kwa kitambulisho cha shabiki bila viza, na Qatar mwaka 2022 kadi ya Hayya ilifanya kazi hiyo hiyo. Ule ulikuwa uamuzi wa nchi hizo tu. Kwa Kombe la Dunia la 2026, Marekani, Kanada na Meksiko kila moja ina masharti yake, na tiketi si kibali cha kuingia. Anayefuata timu kutoka nchi moja hadi nyingine ahakikishe viza yake inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atavuka na kushindwa kurudi.

Dhana: Kwenye msongamano watu hufa kwa kukanyagwa.
Wengi hufa wakiwa wamesimama. Kifua kikibanwa mbele na nyuma, mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka. Watu wakizidi watano kwenye mita moja ya mraba, hatari imeanza. Huna haja ya kuhesabu: ukiona unabanwa mabega yote mawili na kuinua mkono hadi usoni ni taabu, ondoka hapo hapo, hata kama mechi inakaribia kuanza.

Ukichelewa kutoka, weka mikono mbele ya kifua ili ubaki na nafasi ya kupumua. Usipige kelele, okoa pumzi. Umati ukikusukuma, usishindane nao; ukitulia kidogo, sogea kimshazari kuelekea pembeni, lakini usijibanze ukutani wala kwenye uzio. Simu ikidondoka, iache. Ukianguka ukashindwa kuinuka, lalia ubavu, jikunje, kinga kichwa.

Tena, maafa mengine hutokea getini, si jukwaani. Uwanja wa Olembe, Yaoundé, Kamerun, tarehe 24 Januari 2022, watu wanane walikufa wakijaribu kuingia; geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Fika mapema, watu wakiwa bado wachache.

Dhana: Chanjo unachoma ukikaribia kusafiri.
Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Chanjo ya surua nayo huhitaji takriban wiki mbili kujenga kinga, na surua huenea kwa hewa, kwa hiyo uwanja uliojaa ni mahali pake.

Dhana: Dawa ya kawaida haina shida forodhani.
Inategemea nchi. Japani hairuhusu kuingia na dawa za mafua zenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10. Kodeini nayo, dawa ya maumivu na kikohozi, inahitaji kibali katika nchi kadhaa. Beba dawa kwenye pakiti yake halisi pamoja na cheti cha daktari, usizichanganye kwenye kikopo kimoja.

Dhana: Ukikamatwa, ubalozi utakutoa.
Hauna uwezo huo. Chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu huduma za kibalozi, polisi wanapaswa kukueleza kuwa una haki ya ubalozi wako kujulishwa, lakini mara nyingi ni lazima uombe mwenyewe. Maofisa wake wanaweza kukutembelea, kukupa orodha ya mawakili na kuarifu familia. Faini na dhamana ni juu yako. Andika namba yao kwenye karatasi, kwa sababu simu huenda ikachukuliwa kituoni.