Delta ya joto: hesabu ya kufanya kabla ya kununua kipoza

Delta ya joto ni tofauti kati ya joto la prosesa na joto la hewa ya chumba ilimo kompyuta. Prosesa ikiwa nyuzi 70 na chumba nyuzi 30, delta ni 40. Ni hesabu ya kutoa tu, lakini wengi wanaojenga kompyuta ya gemu Unguja na Pemba huiruka, wakachagua kipoza, yaani kifaa cha kuondoa joto kwenye prosesa, kwa nambari iliyopimwa nchi za baridi.

Tuseme jaribio moja linaonesha kipoza kimeibakisha prosesa kwenye nyuzi 68, na chumba cha majaribio kilikuwa nyuzi 21. Delta ni 47. Sasa kichukue kipoza hichohicho ukitie kwenye chumba cha paa la bati Mwanakwerekwe, mwezi wa Februari, kaskazi imekolea, saa tisa mchana. Hewa ya ndani nyuzi 33. Jumlisha 47, unapata 80. Kinachovuka bahari na kipoza ni delta; zile nyuzi 68 zimebaki kwao.

Hii ni kwa sababu kipoza hakitengenezi baridi. Maji ya mtungi huwa baridi kuliko hewa kwa vile yanapenya udongo, yanakuwa mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Kipoza cha kompyuta hakina pa kutolea mvuke. Hata yale mabomba ya shaba yenye maji kidogo ndani yamezibwa pande zote: mvuke unarudi kuwa maji humohumo, na joto linaishia kwenye mapezi ya aluminiamu likisubiri feni ilipeperushe. Kipoza cha maji chenye radieta nacho ni hivyohivyo. Hakuna hata kimoja kitakachoishusha prosesa chini ya joto la chumba, kiwe cha bei gani.

Delta hufuata wati. Kipoza kilekile kikipewa nusu ya wati, delta nayo hushuka karibu nusu. Ndiyo maana kwa huku kwetu kupunguza wati ni bora kuliko kuongeza kipoza. Chukua prosesa ya Ryzen 7 7700X: kwa mpangilio wa kiwandani huweza kuvuta hadi wati 142 kwenye kazi nzito, na mwisho wake ni nyuzi 95, ikifika hapo inajipunguzia kasi. Ukiingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, ukaiwekea ukomo wa wati 88, delta iliyokuwa 55 inakuja kwenye 34 hivi. Kwenye gemu utapoteza fremu (picha za kila sekunde) chache ambazo jicho halizioni. Si kitu cha kuonea haya.

Lakini kipoza hakivuti hewa ya chumba moja kwa moja, kinavuta iliyomo ndani ya kasha, na hapa ndipo kompyuta nyingi zinapoharibikiwa. Kadi ya picha kama RTX 4070 peke yake hutema wati 200 humo ndani. Ongeza 90 za prosesa na 60 za vitu vingine, jumla 350. Ukitaka hewa ya ndani isizidi ya chumba kwa zaidi ya nyuzi 10, unahitaji lita 29 za hewa kila sekunde. Feni ya milimita 120 iliyoandikwa futi za ujazo 50 kwa dakika hutoa lita 23 au 24 kwa sekunde, ila imepimwa bila ya kizuizi. Nyuma ya chujio lenye vumbi, ihesabu nusu. Kwa hivyo feni mbili za kuingiza hewa hazitoshi. Tia tatu mbele na moja nyuma ya kutoa. Uingizaji ukizidi utoaji, hewa hupita kwenye chujio na haifyonzwi kupitia kila ufa pamoja na vumbi lake.

Kasha lenye kioo mbele linapendeza, lakini hewa yake inapita kwenye upenyo wa pembeni tu. Chagua lenye wavu. Wala usilisukumie ndani ya kabati la meza, maana litavuta hewa ya moto lililoitoa lenyewe.

Kiyoyozi kinasaidia kwa kushusha joto la chumba, si delta. Cha BTU 9,000 huondoa kama wati 2,600 za joto, hivyo wati 350 za kompyuta hazikishindi. Hatari iko baada ya kukizima. Hewa yetu ya kaskazi ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, hutoa umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Kompyuta iliyolala imezimwa kwenye chumba cha nyuzi 19, ukafungua madirisha asubuhi, italowa ndani kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Iache saa moja au mbili ipate joto la chumba, kisha uiwashe.

Kupima delta yako, tia kipimajoto mbele ya feni za kuingiza hewa, si ukutani. Cheza gemu nzito nusu saa, kwa sababu dakika kumi za mwanzo hudanganya: kasha na maji ya radieta vinachelewa kupata moto. Soma joto la prosesa kwa programu kama HWiNFO, utoe. Kisha fungua ubavu wa kasha, ucheze tena. Joto likishuka nyuzi 2 au 3, kasha lako halina neno. Likishuka 10, feni ni chache au chujio limeziba, na kubadilisha kipoza ni kupoteza pesa.

Na delta ikigonga 60 kabla hujafungua hata gemu, usiwaze feni. Aidha pampu ya kipoza cha maji haizunguki, au kipoza hakikukaa sawa. Kifungue utazame chini yake: mara nyingi ile karatasi ya plastiki ya kulinda shaba bado imebandikwa, na krimu ya kupitisha joto imepakwa juu yake.