UConn: timu iliyofanya mazoezi kuwa magumu kuliko mechi

Pale kwenye viwanja vya Dar, Don Bosco Upanga au JMK Park, ukiitaja timu ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, jibu ni lile lile: "Hao wanachagua wasichana bora wa Marekani nzima." Ni kweli, ila hayo yalikuja baadaye. Geno Auriemma alipokabidhiwa timu mwaka 1985, yeye na msaidizi wake Chris Dailey, historia nzima ya timu ilikuwa na msimu mmoja tu ambao ushindi ulizidi vipigo. Msimu wao wa kwanza waliambulia ushindi 12 na vipigo 15. Binti gani mwenye kipaji angekimbilia huko?

Mavuno yalianza 1995: mechi 35, ushindi 35, na fainali wakaifunga Tennessee ya kocha Pat Summitt 70-64, mchezaji Rebecca Lobo akiwa nguzo. Leo wana mataji 12, manne yakiwa ya mfululizo, 2013 hadi 2016.

Ninachowaomba makocha wenzangu wakitazame ni mazoezi. UConn hucheza dhidi ya wanafunzi wa kiume wa chuo hicho, wenye mbio na nguvu zaidi, wanaoigiza mbinu za mpinzani ajaye. Hili Dar tunaliweza bila hata shilingi, maana vijana wa kiume viwanjani ni tele.

Weka mabinti 5 washambulie nusu uwanja, vijana 7 wazuie. Kudunda mpira marufuku. Anayetoa pasi lazima akate kuelekea kikapuni au akamwekee mwenzake skrini, yaani asimame kumzibia njia mtetezi. Akisimama kushangaa, mpira unapotea. Kwa kuwa watetezi wamezidi wawili, pasi ya kubahatisha inaliwa papo hapo, na binti anajifunza kuangalia kabla ya kupokea.

Zoezi huharibika vijana wanapotaka sifa. Wakirukia kila mtupo, mabinti wanaogopa kutupa na hakuna anachojifunza mtu. Waambie mikono juu, wazibe njia za pasi, kuruka hapana. Kosa jingine ni kunakili mashambulizi ya UConn yalivyo: ligi ya vyuo ya wanawake kule inatoa sekunde 30 kwa kila shambulizi, sisi kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tuna 24. Punguza pasi za mwanzo, bakiza mikato. Na mpira uwe namba 6. Vijana huja na namba 7, mzito na mpana zaidi, kisha kocha analalamika binti hafungi kutoka mbali.

Mfumo huu nao una mwanya. Kati ya 2014 na 2017 UConn walishinda mechi 111 mfululizo. Machi 2016 waliipiga Mississippi State 98-38. Mwaka uliofuata, nusu fainali, timu ile ile ikawakatalia kukimbia, mechi ikaenda muda wa nyongeza, na Morgan William, mwenye urefu wa kama mita 1.65, akafunga kikapu cha mwisho: 66-64. Mimi naamini timu iliyozoea kushinda kwa pointi 40 inakosa zoezi moja: dakika za mwisho matokeo yakiwa sare. Basi kila Ijumaa weka dakika 2 kwenye saa, matokeo 60-60, faulo za timu zimeshajaa (kila faulo sasa ni mitupo huru), na uwape wapinzani mpira.