Magari ya Umeme Kambini: Saa ya Kuchaji Ndiyo Inayochosha Transfoma

Magari ya umeme yanapotajwa katika mazungumzo ya mafundi na wahandisi wa umeme hapa Mtwara, jambo la kwanza kuulizwa huwa ni uniti (uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa nzima): gari moja litakula uniti ngapi kwa siku, na magari thelathini yatakula ngapi kwa mwezi. Ni swali la haki, na mhasibu analihitaji. Hata hivyo, kwa mahali kama kambi ya jeshi, swali hilo peke yake linaweza kumpotosha anayepanga mitambo. Miaka ya kufunga na kukarabati transfoma katika pwani hii imenifundisha kuanza na saa: magari yanarudi saa ngapi, yanachomekwa saa ngapi, na wakati huohuo ni vitu gani vingine vinatumia umeme.

Sitaeleza mfumo wa umeme wa kambi yoyote iliyopo nchini mwetu, kwa kuwa mambo hayo si ya kuandikwa hadharani. Nitatumia kambi ya kufikirika, pamoja na mifano ambayo wenyewe wameitangaza, hasa Marekani. Jeshi la nchi kavu la huko, katika mkakati wake wa Februari 2022, lilijiwekea lengo la kuwa na magari madogo yasiyo ya kivita yanayotumia umeme pekee ifikapo 2027, na gridi ndogo inayoweza kujitegemea katika kila kambi ifikapo 2035. Siasa zimebadilika tangu hapo, na agizo la rais la Desemba 2021 lililokuwa likisukuma magari ya umeme serikalini lilifutwa Januari 2025. Fizikia ya transfoma haikubadilika, na funzo lililomo katika kuyaweka malengo hayo mawili pamoja bado linatuhusu: aliyetaka magari ya umeme kambini aliona pia haja ya kambi kuweza kujiwashia umeme wake.

Tuanze na tofauti kati ya mtaa na kambi. Katika mtaa wa kawaida, tuseme Shangani au Chuno, nyumba mia moja haziwezi kutumia umeme wao wote kwa dakika ileile, kwa sababu mmoja anapiga pasi alfajiri, mwingine anachemsha maji jioni, na wa tatu amesafiri kwenda Masasi. Sisi wahandisi tunautegemea utawanyiko huo kila siku, na ndiyo maana transfoma moja huweza kuhudumia nyumba ambazo ukijumlisha vifaa vyake vyote zingeizidi mara kadhaa. Kambini utawanyiko huo ni mdogo mno. Watu wanaamka kwa saa moja, wanakula kwa saa moja, na magari ya utawala yanarudi kuegeshwa kwa saa moja. Nidhamu hiyo, ambayo ndiyo nguvu ya jeshi, kwa transfoma ni mzigo unaotua kwa mkupuo.

Chukua kambi ya kufikirika yenye transfoma ya kVA 500, ambayo ndiyo namba ya uwezo wake. Kwa pawa fakta ya 0.9, yaani sehemu ya uwezo huo inayofanya kazi hasa, transfoma hiyo inaweza kutoa takriban kilowati 450. Saa kumi na mbili jioni taa, jiko, pampu za maji na viyoyozi vinatumia kilowati 300, kwa hiyo kila kitu ni shwari. Sasa yanaingia magari 30 ya umeme, kila moja likiwa na chaja ya kawaida ya ampea 32 kwa fezi moja (njia moja kati ya tatu zinazoleta umeme), yaani kilowati 7.4. Yakichomekwa pamoja yanadai kilowati 222, na jumla inafika 522. Transfoma imezidiwa. Tazama basi ni umeme kiasi gani ambao magari hayo yanauhitaji. Gari lililotembea kilomita 60 kwa siku, kwa matumizi ya sehemu moja ya tano ya uniti hivi, yaani uniti 0.2, kwa kila kilomita, linahitaji uniti 12 tu. Yote 30 yanahitaji uniti 360, na yakiachwa yajaze taratibu kwa saa kumi za usiku, mzigo ni kilowati 36. Magari ni yaleyale na uniti ni zilezile, ila katika hali ya kwanza tunanunua transfoma mpya, na katika ya pili iliyopo inabaki na nafasi ya kutosha. Ukinionyesha mpango wa kuchaji usio na ratiba, nitakuuliza kwanza kwa nini ratiba haimo.

Kuna jambo la joto ambalo mkoani kwetu halizungumzwi vya kutosha. Viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, vinavyotumika kupimia uwezo wa transfoma vinachukulia kwamba wastani wa joto la hewa kwa mwaka ni nyuzi 20. Wastani wetu wa mwaka katika pwani ya Mtwara na Lindi uko karibu na nyuzi 26. Ndani ya transfoma, koili zimezungushiwa karatasi ya kuhami iliyolowa mafuta, na karatasi ya kawaida hupangiwa umri wake kwa sehemu yenye joto kali zaidi kutozidi nyuzi 98. Kuanzia hapo, kila nyuzi 6 zinapoongezeka, kasi ya kuzeeka kwa karatasi huwa maradufu. Maana yake ni kwamba kibao cha chuma kilichoandikwa kVA 500 kinasema kweli kwa nchi yenye baridi kidogo kuliko hapa, na anayeipakia transfoma kikamilifu kila usiku katika hewa yetu anaukopa umri wake bila kuona deni. Nimefungua transfoma ambazo mafuta yake yamekuwa meusi kama chai iliyochemka mno, na karatasi ikikatikia vidoleni kama jani kavu la mkorosho. Kwa nje rangi yake ilikuwa bado nzuri.

Ufungaji wa chaja nao una makosa yake. Chaja za fezi moja zikifungwa zote kwenye fezi iliyo karibu na maegesho, fezi hiyo inaelemewa, volti zake zinashuka, na waya wa nyutro, ule unaorudisha mkondo, unabeba mkondo mkubwa. Zigawanywe sawasawa kwenye fezi tatu tangu siku ya kwanza.

Nje ya uzio wa kambi, ukubwa wa gridi yenyewe unahesabika. Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi ilijiendesha kwa gridi yake, nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea kituo cha Mtwara kinachotumia gesi ya Mnazi Bay kwa injini za megawati 2 kila moja, na mwanzoni jumla yake ilikuwa megawati 18. Katika mfumo wa ukubwa huo, chaja kumi za haraka za kilowati 150 zikifanya kazi pamoja zinadai megawati 1.5, yaani robo tatu ya injini nzima. Katika gridi yenye maelfu ya megawati hakuna ambaye angestuka, lakini katika gridi ndogo mzigo wa namna hiyo unapoingia au kutoka ghafla, mwendo wa mashine unayumba na wateja wa mbali wanaona taa zikipepesa. Kwa sababu hiyo siungi mkono chaja za haraka kwa magari yanayolala kambini usiku kucha. Zinafaa kwa magari machache ya dharura tu.

Umeme unapokatika ndipo hatari yenyewe inapojitokeza. Msimu mmoja wa korosho niliitwa kwenye ghala ambalo jenereta yake ilikuwa ikizima kila inapowaka. Fundi wa zamu alikuwa amekwisha kubadili filta ya dizeli mara mbili. Tuliiwasha pamoja, ikashika, taa zikawa nyeupe, na baada ya nusu dakika hivi sauti ya injini ikazama, taa zikawa nyekundu, ikakoroma na kunyamaza. Mara ya tatu nikasikia, upande wa pili wa ukuta, mlio wa chaja za foklifti zikiingia kazini zote kwa wakati mmoja. “Injinia, hii mashine haina ugonjwa,” fundi akaniambia, “inapakiwa kabla haijasimama vizuri.” Alikuwa sahihi kabisa. Tulichomoa chaja, na jenereta ikafanya kazi hadi asubuhi. Chaja nyingi za magari zina tabia hiyohiyo: umeme ukirudi, zinaendelea zilipoishia bila kumuuliza mtu. Kambini, jenereta hiyo ndiyo inayobeba redio za mawasiliano, zahanati na taa za lindo.

Wapo wanaodai kwamba kuchaji gari kwa jenereta ni kupoteza mafuta, nami siwaungi mkono. Jenereta nzuri hutoa uniti 3.3 hivi kwa lita, kwa hiyo uniti 360 zitahitaji lita 110 za dizeli, wakati magari 30 ya dizeli yanayokunywa lita 10 kwa kilomita 100 yangetumia lita 180 kwa safari zilezile. Hoja yangu ni uwezo wa mashine katika saa ile ya shida. Tena kwetu kuna sababu nzuri ya kuyataka magari haya: dizeli inatoka nje ya nchi, na gesi inatoka Msimbati. Mei 2024 mafuriko yalipoikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa, kila mwenye kutegemea malori alihesabu akiba yake upya.

Wenzetu wamejaribu pia kuyafanya magari yawe msaada badala ya mzigo. Novemba 2014 kambi ya Jeshi la Anga ya Los Angeles ilizindua magari 42 ya umeme, mengi yake yakiwa na uwezo wa kurudisha umeme kwenye gridi kutoka kwenye betri. Huko San Diego, kambi ya Miramar imejenga gridi ndogo inayotumia, pamoja na sola, gesi inayotoka kwenye dampo. Jeshi la nchi kavu nalo, kwa agizo la 2020, linataka shughuli zake muhimu ziweze kuendelea bila umeme wa nje kwa siku zisizopungua 14. Napenda wazo la gari kurudisha umeme, lakini kwa kambi nisingelitegemea kama akiba ya kwanza, kwa kuwa saa ya dharura ndiyo saa magari yanapotoka, nayo hutoka na betri zake.

Ningeshauri chaja zote ziwe kwenye bodi yake pekee ya kugawia umeme, yenye kontakta, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayofunguka na kukata umeme yenyewe mara jenereta inaposhika mzigo, na irudi kwa mkono wa mtu aliyepewa jukumu hilo, kwanza kwa gari la wagonjwa, kisha magari mawili au matatu ya doria, na mengine baada ya umeme wa gridi kurejea na kutulia kwa robo saa. Mpangilio huo uandikwe ndani ya mlango wa bodi kwa herufi zinazosomeka kwa tochi. Kisha ufanyiwe majaribio kwa kuzima swichi kuu saa moja usiku, katikati ya wiki, magari yote yakiwa yamechomekwa na jiko likiwa linafanya kazi.