Ule Si Mnazi Mfupi

Mtu akiona mmea wa ajabu kwenye ua wa jirani, Ntinda au Muyenga hapa Kampala, hunitumia picha kwa WhatsApp na swali lilelile: "Mtaalamu, huu ni mnazi wa aina gani?" Mara nyingi si mnazi wa aina yoyote, na nikisema mnazi hapa namaanisha jamii yake yote, pamoja na mivumo na mikoma.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba ule mmea mfupi, wenye shina nene la magamba na majani magumu yaliyochanika pande mbili, ni mnazi uliodumaa. Ule ni saikadi. Ninaoukuta zaidi Kampala asili yake ni kusini mwa Japani, na hauna undugu wa karibu na mnazi. Mnazi hutoa maua, kisha matunda. Saikadi haitoi ua hata moja. Mbegu zake hukaa wazi, kama ilivyo kwa misonobari, na mmea dume na mmea jike ni mimea miwili tofauti.

Ukitaka kuhakikisha, ngoja majani mapya. Mnazi husukuma jani mojamoja, limejifunga na kuchongoka kama mkuki. Saikadi hutoa duara zima la majani kwa mpigo. Yanapochomoza ni laini, vijani vyake vimejiviringa kwenye ncha. Baada ya wiki chache yanakuwa magumu na kukuchoma vidole. Katikati ya dume husimama koni ndefu. Jike huwa na kichwa cha mviringo chenye manyoya ya kahawia, na ukikifunua unakuta mbegu za rangi ya chungwa.

Hizo mbegu ndizo zinazonifanya nisinyamaze. Mmea mzima una sumu, lakini mbegu zimezidi. Mbwa akitafuna hata moja au mbili anaweza kutapika, ini likaharibika, akafa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Usikae nyumbani kumnywesha maziwa. Mwenye watoto wadogo, vaa glavu ukate kichwa cha jike kabla mbegu hazijaiva.

Halafu kuna wanaosema, "Si mnazi tu, ukichimbwa utaota mwingine." Hapana jamani! Uganda ina saikadi zake za asili. Zile za korongo la Maporomoko ya Mpanga, magharibi, karibu na Ziwa George, kitaalamu Encephalartos whitelockii, hazimei porini mahali pengine popote duniani, na zimeorodheshwa katika kundi la mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka. Jenasi yote ya Encephalartos imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, unaozuia biashara ya kimataifa ya mimea iliyotolewa porini. Shina la urefu wa mtu limechukua miongo mingi kufika hapo. Akija mtu na pikapu iliyobeba shina kubwa, mizizi imekatwakatwa, na hana karatasi yoyote, mrudishe alikotoka. Nunua mche mdogo uliooteshwa kwa mbegu kitaluni, uwe na subira.

Mti wa msafiri, ule unaotandaza majani kama upepeo, nao si mnazi. Mtu aliyekulia kwenye shamba la matoke angepaswa kuliona hilo kwenye jani lenyewe, linalofanana na la mgomba. Umetoka Madagaska, na hauonyeshi mashariki wala magharibi, huelekea kokote. Maji yaliyotuama kwenye mashina ya majani usiyanywe, ni makazi ya mbu.

Shina lililovimba si ugonjwa. Mivumo ya kaskazini huvimba hivyo kwa maumbile yake ikishakua. Na mnazi wenye vichwa viwili vitatu si uchawi: mikoma hugawanyika matawi yenyewe. Mizizi kupasua msingi wa nyumba? Mizizi ya mnazi ni myembamba na hainenepi. Mtuhumu mvule au mwembe kwanza.

La mwisho ni la wenye panga. Kukata ncha ya mnazi ili "uchipue matawi" ni kuua shina hilo, maana lina chipukizi moja tu la kukulia, pale juu kabisa. Misumari ya taa za Krismasi pia iacheni, kwa sababu kidonda kwenye shina la mnazi hakifungi maisha yake yote. Na mnazi ukiwa umekaribia nyaya za umeme, uhamishe ungali mdogo au uukate wote, kuufupisha hakuwezekani.